Waya wa Asubuhi

Upepo ulimpokonya fundi kofia na kuivingirisha hadi ng'ambo ya uwanja wa ndege. Akainua macho kwenye mlingoti.

Ule mfuko wa kitambaa unaowaonyesha marubani upepo ulikuwa umenywea kimya. Asubuhi aliufunga kwa waya ili apake mlingoti rangi bila kuchapwa nao usoni. Kisha akaenda kunywa chai, akasahau.

Na binti yake, rubani, alikuwa keshaanza kushuka na ndege. Ndege yenyewe kuukuu kuliko fundi, haina redio, na upepo wa ubavuni huipindua kama karatasi.

"Mimi nautazama mfuko wako tu, baba," alimwambia akiondoka. "Ukilegea, najua kumetulia."

Fundi aliuparamia mlingoti. Rangi mbichi ikamtelezesha. Akipanda hatua mbili, anashuka moja. Binti akiuona mfuko umejaa, labda atawahi kujihami. Akaufikia waya, akauvuta mpaka ukamchana vidole.

Mfuko ulifyatuka, ukamzaba usoni na kumfunika macho.

Nyuma yake gurudumu moja lililia kwenye lami.

Akasubiri kusikia la pili.