Kitambaa Ndani ya Tarumbeta

Msimamizi wa jukwaa alichomeka kitambaa ndani ya tarumbeta la Mashavu, akakishindilia kwa kidole gumba. Ngoma za shemeji yake alikwisha kuzibandika sponji.

"Wewe vimbisha mashavu tu, kaka. Wimbo unatoka kwenye kompyuta."

"Tuzo za muziki za taifa zima, halafu mpigaji ni kompyuta?"

"Kila mwaka mnalalamika, na kila mwaka mnakuja," msimamizi alicheka, akaenda zake.

Neno hilo lilimchoma Mashavu kwa sababu lilikuwa la kweli.

Pazia likafunguka, wimbo ukaanza. Mashavu akavimbisha mashavu kama alivyoagizwa. Mstari wa mbele alikaa mama yake, aliyemfundisha kupuliza. Mama alikunja uso, akatega sikio, kama mtu anayemtafuta mwanawe sokoni.

Mashavu akashusha tarumbeta, akaingiza vidole.

"Shemeji, watatufungia!" mpiga ngoma alinong'ona nyuma yake.

"Kwani sasa hivi tumefunguliwa?"

Kitambaa kilitoka kirefu, kimelowa, kama utumbo wa kuku. Mashavu akalamba midomo, akavuta pumzi.

Nyuma yake akasikia sponji zikibanduliwa, moja baada ya nyingine.