Uchovu wa Mwanaidi

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemshauri Shomvi kwamba uchovu wa mkewe abebeshwe Kibwana, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Siku hizi sheria inaruhusu.

Mwanaidi ana ADHD, ile hali ya ubongo usiotulia. Akichoka, kila kitu kinamchoma: lebo ya gauni, taa ya jikoni, mumewe akitafuna. Shomvi alishazoea kulia chapati uani, peke yake kama mbuzi aliyefungwa. Sasa ikifika saa kumi na moja jioni bangili ya kuhamishia uchovu, aliyovishwa Mwanaidi mkononi, inalia, uchovu unahamia kwa fundi, na mke anacheka mezani.

Juzi Shomvi akampelekea fundi maandazi ya shukrani. Akamkuta kifua wazi, pamba masikioni, madirisha kayaziba kwa mablanketi.

"Polepole, shemeji," Kibwana akanong'ona. "Hata friji inanipigia kelele. Halafu tazama, kidole gumba kinajificha chenyewe ndani ya ngumi. Ndivyo afanyavyo mkeo, eh?"

Miaka kumi na moja ya ndoa, Shomvi hakuwahi kukiona kidole hicho! Akarudi na maandazi yake.

Jana, bangili ikiwa bado haijalia, akamkalia mkewe karibu.

"Uchovu wako nipe mimi."

"Wewe? Utauweza wapi, na hilo redio lako?"

"Si nitajifunza? Mbona yeye kajifunza?"

Bangili ikalia. Mabega ya Mwanaidi yakalegea, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyepokelewa mzigo mlangoni.

"Kesho basi, mke wangu. Siku moja tu, nipe mimi."