Somo la Ngeli Kichuguuni

“Kiboko imeondoka,” alinong'ona Ndayikeza.

“Ameondoka,” Shamsi alimsahihisha. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, mtumbwi wao umepasuliwa vipande viwili, na bado mwalimu hakuweza kujizuia.

Walijikokota hadi kwenye kichuguu kilichochomoza katikati ya mafunjo. Hapo ndipo Shamsi alipouona mguu wa mwenyeji wake. Kipande cha mtumbwi kilikuwa kimemchana paja vibaya, na damu ilikuwa haijakata. Nchi kavu ilikuwa mbali, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi, na njia nzima ilikuwa ya mamba.

Hakuna ambaye angewatafuta. Chuo cha ualimu cha Kasulu, ambako Shamsi alifundisha Kiswahili, kilikuwa kimefungwa kwa likizo. Niyonkuru, mke wa Ndayikeza, alikuwa kwao Kumsenga akijua mumewe amempeleka mgeni bwawani kwa wiki nzima. Simu zote mbili zilikuwa zimezama.

Na yote haya kwa ajili ya ndege. Shamsi alikulia Pangani, akishinda kwenye mikoko ya mdomo wa mto kutazama ndege wakivua. Alipohamishiwa Kasulu alilia wiki nzima, mpaka aliposikia kwamba kwenye mabwawa ya Malagarasi yupo korongo nyangumi, ndege mwenye kimo cha mtoto wa darasa la pili na mdomo kama kiatu. Ndayikeza alipajua anapovua ndege huyo. “Inakuja mfereji ule pale, kila asubuhi,” alikuwa amemwambia siku ya kwanza.

“Anakuja,” Shamsi alisema. “Chenye roho ni a-, kaka yangu. Ndege ana roho.”

Miaka mitatu ya kusikia kuku imetaga na mbuzi imepotea ilikuwa imemchosha masikio.

Siku ya pili mvua ilinyesha milimani na maji yakaanza kupanda. Shamsi alichomeka kijiti ukingoni ili ajue yanapanda kiasi gani, kisha akatamani asingekichomeka, maana hakuacha kukitazama. Kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, walisoma. Ndayikeza alikuwa mwepesi. Hadi jioni alikuwa anasema nyoka amepita, mamba amelala, mbu wameniuma, bila kukosea hata mara moja.

Shamsi alimsifu. Ndayikeza akamweleza kwamba alizaliwa kambini, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi, na siku alipopewa uraia alijibu kila swali kwa neno moja tu, asije akakosea mbele ya maofisa. “Wewe ndiye wa kwanza kunisahihisha bila kunicheka,” alisema. Shamsi aliona aibu, kwa sababu moyoni alikuwa amemcheka sana.

Siku ya tatu kijiti kilizama. Pakavu palibaki pa kuwatosha watu wawili kulala, na kwa hesabu ya Shamsi, kesho yake jioni pasingebaki kitu. Mguu wa Ndayikeza ulikuwa umevimba ukang'aa, na homa ilikuwa imempanda. Shamsi aliogopa, na sasa alikuwa anaogopa waziwazi, bila kujificha.

Ndayikeza alimwomba Shamsi kanga nyekundu aliyojifunga. Akatambaa nayo hadi juu ya kichuguu, akaitandaza na kuichomekea vijiti pembe zote nne, kana kwamba anaianika. Kisha akatoa kiberiti alichokifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kofia yake, akawasha moto, akauwekea majani mabichi mpaka moshi ukawakohoza wote wawili. Shamsi alishukuru, maana mbu walikuwa wamewamaliza.

“Ndege inapita kesho saa mbili, mwalimu,” Ndayikeza alisema akitetemeka. “Usilale.”

Ameteleza tena, Shamsi aliwaza, ni homa. Kwa mara ya kwanza hakumsahihisha. Mtu yuko katika hali ile, na bado anakumbuka kilichomleta mgeni wake.

“Sitalala,” alimwahidi.

“Ego,” Ndayikeza aliitikia kwa Kirundi, akafumba macho.

Kulipopambazuka alikuwa anaweweseka kwa Kirundi na hakuitika alipoitwa. Shamsi alikaa akimtazama, halafu akaamua. Kama ni kufa, basi afe akiwa amemwona ndege aliyemfuata. Na kila anayetazama ndege anajua kwamba ndege mwoga hasogelei moshi, wala rangi kali. Aliikunja kanga, akaikalia. Aliumwagia moto maji mpaka ukazima kabisa. Kisha akakata mafunjo, akamfunika Ndayikeza na kujifunika mwenyewe, yakabaki macho tu.

Korongo nyangumi akaja. Alitua kwenye mfereji, hatua kumi kutoka pale, wa kijivu, mkubwa kuliko alivyomwota. Alisimama bila kutikisika, akiyakazia maji macho. Shamsi alilia kimya kimya na hakujali.

Mara ndege yule akainua kichwa, akatanua mabawa, akakimbia. Kitu kilikuwa kimemshtua. Ndipo Shamsi aliposikia mngurumo, na juu ya mafunjo ikatokea ndege ndogo nyeupe ya doria ya askari wa wanyamapori, chini kiasi cha kuzisoma namba zake. Alihangaika kujinasua kwenye mafunjo. Aliposimama na kanga mkononi, ndege ilikuwa imeshampita, ikielekea Kibondo moja kwa moja.

Nyuma yake Ndayikeza alikuwa amefumbua macho. Aliangalia mahali ilipokuwa kanga, akaangalia majivu yaliyolowa, kisha akaangalia juu.

“Imepita?” aliuliza.

Shamsi alifungua kinywa kumsahihisha.