Mashine Mbili za Kufyonza Vumbi

Siku hizo kila nyumba, yenye akili na sauti yake, ilikuwa ya kampuni moja, na kifaa cha kampuni nyingine hakikuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Mwanaheri, mjane wa Tanga, aliishi katika nyumba ya kampuni ya Nuru. Mrija wa mashine yake kuukuu ya kufyonza vumbi ulipopasuka, jirani yake Mama Tekla, mkazi wa nyumba ya kampuni ya Taji, alimletea mashine yake mwenyewe, kaifunika kwa khanga.

"Mrija wako hautaingia, shoga," Mwanaheri alisema. "Vya Taji na vyetu haviendani."

"Tujaribu tu."

Mrija ukaingia, ukakaa vizuri. Kwa mshangao, wakazifungua mashine zote mbili na kubadilishana brashi, magurudumu, hata mota. Kila kitu kilikubali. Chini ya kila mota palikuwa na muhuri uleule wa kiwanda kimoja. Kilichotofautiana ni rangi ya mfuniko tu. Wakacheka kama wasichana.

Kisha Mwanaheri akamkumbuka binti yake, Shani. Mwaka uliopita alikuwa amemkatalia kuolewa na kijana wa nyumba ya Taji. Akachukua simu.

"Shani, mwanangu, yule kijana bado mnaongea?"

Kabla binti hajajibu, nyumba ikasema kwa upole kutoka ukutani: "Mwanaheri, kuna kitu kigeni humu ndani. Ni kipi?"

Mwanaheri aliangalia vipande vilivyotapakaa sakafuni.

"Hata mimi sikitambui tena," akajibu.

 Halafu wakasikia mlango wa mbele ukijifunga kwa kufuli.