Kibanio Kisichofaa

Hakuwa na kibanio cha kukandamizia springi za valvu za injini. Hakuwa na gereji, hakuwa na kitabu cha injini, wala katika miaka yake hamsini na minane hakuwahi kufungua boneti kwa mkono wake hadi juzi. Alikuwa mshonaji. Alichokuwa nacho ni pikapu iliyogoma uani, kipande cha springi alichokifunga kwenye leso, na siku chache mno.

Muuza vipuri alikigeuzageuza kile kipande kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mama, hii haikuvunjika. Imekatwa kwa msumeno."

"Imevunjika, mwanangu. Nionyeshe vifaa vya kubadilishia."

Akaweka vibanio viwili juu ya kaunta. "Hiki chenye umbo la C kinataka kichwa cha injini kishushwe chote, kilazwe mezani. Hiki cha wenzo unafanyia palepale kwenye gari. Kwa kazi ya nyumbani, chukua cha wenzo. Lakini kwanza jaza kamba kwenye tundu la plagi, uzungushe injini taratibu mpaka pistoni ipande na kuibana ile kamba. Bila hivyo, ukitoa springi, valvu inadondokea ndani ya silinda. Injini si gauni, mama, kwamba ukikosea unafumua."

Mshonaji hakucheka. Aliuliza maswali mawili, akayarudia majibu kwa sauti ya chini kama anayekariri.

"Yupo ambaye angekuelekeza vizuri kuliko mimi," muuzaji alisema. "Fundi Sikio. Gari lilikuwa likipita tu barabarani, anakwambia valvu ipi inavuja." Akapunguza sauti. "Ila tangu jeki iteleze, gari likamwangukia binti yake wakiwa kazini wote wawili, hajashika spana. Hasemi na mtu. Nasikia siku hizi hata chakula hagusi."

"Nimeshamwandikia. Mara mbili."

"Akajibu?"

"Ya kwanza, kimya. Ya pili ilirudi haijafunguliwa."

"Basi achana naye, mama. Yule amekwisha."

"Hajaisha!"

Sauti ilimtoka kali hata mteja mwingine akageuka. Mshonaji akavuta pumzi, akanyoosha kidole.

"Nipe hicho cha C."

"Si nimekueleza hicho sicho?"

"Nimekusikia. Nifungie hicho hicho."

Muuzaji alikizungushia gazeti huku akitikisa kichwa. "Haya. Ukirudi unalia, sitakucheka. Labda kidogo."

Nyumbani alikiweka kibanio juu ya meza ya cherehani, akachukua karatasi. Mara hii hakuandika pole, hakubembeleza, wala hakumkumbusha mtu habari za Mungu. Maneno hayo aliyamaliza yote katika zile barua mbili.

"Fundi," aliandika. "Springi ya valvu ya silinda ya tatu imekatika. Nimenunua kibanio cha C. Kichwa cha injini sitakishusha, nitalazimisha hivyo hivyo kikiwa juu. Kamba ndani ya silinda sitaweka, naona ni kupoteza wakati. Kisichotaka kuingia nitakigonga kwa nyundo. Naanza kesho saa mbili asubuhi, peke yangu. Kama kuna kosa, niambie kabla."

Akaisoma tena, polepole, kama anavyokagua mshono kabla mwenye nguo hajafika. Kila mstari ulikuwa na kosa la kumnyima fundi yeyote usingizi. Kama na hili halitamtikisa, hakubakiwa na lingine.

Akalamba bahasha, akaiziba, akaikandamiza kwa ukucha kutoka pembe hadi pembe. Kisha akavua viatu, akavuka sebule, akapiga magoti na kuipenyeza chini ya mlango wa chumba cha kulala, ambamo mumewe alikuwa amejifungia tangu walipomzika binti yao.