Bangili ya Fundi Chilumba

Siku hizi kila mtu pale mjini huvaa bangili inayoonyesha siku zilizobaki za kazi yake. Anayesomea kazi nyingine huongezewa. Fundi Chilumba, mwashi, aliwacheka waliokwenda darasani. Hata Bi Somoe, aliyewapikia wajenzi, alimwambia asiende kusoma: "Ukienda, sisi tutakula nini? Majengo haya hayaishi leo wala kesho."

Bi Somoe alipokuja kumposea mwanawe binti wa fundi, bangili ya Chilumba ilikuwa imebakiza siku tisa. Akaificha kwa bendeji, akasingizia kuangukiwa na tofali.

"Hebu nikukande, mkwe," Bi Somoe akasema, akaifungua. Akatazama, kisha akaifunga upya taratibu.

"Kidonda kidogo tu," akawaambia wageni aliofuatana nao.

Chilumba alitamani ardhi immeze. Kwenye mkono wa Bi Somoe uliomfunga, bangili nayo ilionyesha tisa.