Nyumba ya Shemeji

Aliizamisha pwani yote kwa mara nyingine, kisha akajimiminia chai. Kwenye kioo cha kompyuta, bahari ilipanda barabarani, ikaingia madukani, ikafagia vibanda vyote vya ufukweni. Mhandisi hakujali. Macho yake yalikuwa kwenye nyumba moja tu, ya shemeji yake, iliyoyakaribia maji kuliko zote. Alipoona yatakayoipata, alitabasamu.

Kazi yake ilikuwa kukadiria kimbunga kitayafanya nini majengo ya pwani: upepo utaangusha lipi, maji yatabeba lipi. Cha safari hii hakikuwa cha majaribio. Kingefika jioni.

Shemeji mwenyewe alikuwa mkandarasi, mume wa marehemu dada yake. Alijenga ghorofa la kupangisha kule kilimani kwa mchanga wa baharini, hata kuuosha hakuuosha. Chumvi ikazila nondo, na siku moja upepo wa kawaida tu ukamwangushia mkewe ukuta. Kesi ikazimwa kimyakimya. Mkandarasi akaujenga ukuta upya, akapaka rangi, akahamia ufukweni.

Mhandisi alimchukia, tena hakuficha. Naye mkandarasi hakumwamini hata chembe. Akiambiwa na mwanamke huyo kwamba kumekucha, anachungulia dirishani kwanza.

Mchana ule mkandarasi aliingia ofisini kwa mhandisi bila hodi.

"Umewahamisha wapangaji wangu wa kilimani!" alifoka. "Chuki zako sasa zinanifukuzia watu?"

"Lile ghorofa halitahimili huu upepo, shemeji."

"Acha hizo! Ulianguka ukuta mmoja tu, na ilikuwa ajali. Jengo zima kabisa lile." Akajifuta jasho. Sauti ikashuka. "Haya, na nyumba yangu ya ufukweni je?"

Swali hilo, kutoka kinywa hicho, mhandisi alikuwa amelisubiri tangu siku ya mazishi. Alimkumbuka dada yake alivyotolewa kwenye kifusi, nywele zimejaa vumbi, na hasira ikampanda upya. Aliimeza, akamkazia macho shemeji yake.

"Hiyo itasimama. Kaa humo humo, usitoke."

Tabasamu lilimponyoka. Mkandarasi alimtazama kitambo, kisha akaondoka bila kuaga.

Kimbunga kilipiga hadi alfajiri. Kulipopambazuka, mkuu wa waokoaji akapiga simu.

"Pole sana, dada. Shemeji yako hatunaye tena."

"Mmempata wapi?"

"Kilimani, chini ya ghorofa lake. Lote limelala chini. Tunashangaa alifuata nini kule, maana wapangaji walishahama."

Mhandisi alimshukuru, akakata simu. Akawasha kompyuta na kukiachia kimbunga kwa mara ya mwisho. Bahari ikapanda, ikapita kwa kishindo katikati ya nguzo za nyumba ya ufukweni, ikarudi ilikotoka. Nyumba ikabaki imesimama, kama ilivyosimama kila mara.